Gari Liliposimama Kwenye Moja

Ifakara, Jumamosi, Juni 1996

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha, kisha jua likatoka kali kama kawaida yake wakati huu wa kuvuna. Mji mzima unanuka mpunga mpya. Watu wamechangamka, nami naona haya hata kuitikia salamu zao.

Nataka kuandika jinsi mama alivyovunjika mkono, maana habari inayotembea mjini siyo yenyewe.

Gari la baba ni Pijo 404, pikapu, kuukuu kunizidi umri. Baba alikuwa dereva wa misheni mpaka alipostaafu, na gari hilo ndilo zawadi waliyomuagia. Amebebea mpunga, wagonjwa, maharusi, na mara kwa mara kwaya ya kanisa letu, ambayo mama anaimba sauti ya kwanza. Breki zake zilikuwa za kizamani, na zilikuwa zimechoka. Ukikanyaga mara ya kwanza, pedali inazama hadi chini na gari halina habari na wewe. Mara ya pili linaanza kusikia. Ya tatu linasimama. Baba aliliendesha hivyo miaka na miaka, mguu wake ukifanya kazi bila kuagizwa.

Waliopanda nyuma nao walijua. Kikitokea kitu mbele, walihesabu kwa pamoja: moja, mbili, na wakifika tatu kila mtu ameshika bomba la nyuma ya kibanda. Kwaya walikuwa wakihesabu kwa sauti zote nne, kabisa kabisa kama wimbo wa misa. Baba alikuwa anacheka peke yake kwenye usukani.

Mimi sikucheka.

Mimi ni fundi wa magari huko kwenye mashamba ya miwa. Mwaka jana wenzangu wa karakana walishuka Ifakara mwisho wa mwezi, wakakutana na gari la baba limejaa watu wanaohesabu. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Fundi, wakaniambia, mzee wako anasimamishiwa gari na abiria. Nikacheka nao kwa nje, lakini uso ulinishuka, na tangu siku ile nikaweka nia kwamba gari letu litasimama kama magari ya watu.

Nikapata bahati. Pikapu moja ya Kijapani ilipinduka, mwenyewe akaiuza vipande vipande. Nikachukua magurudumu yake, rimu pana za kung'aa, nikachukua na breki za mbele za diski pamoja na kile chombo kinachousaidia mguu kusukuma. Nusu ya likizo yangu iliishia uani, mgongo kwenye vumbi chini ya Pijo. Vya Mjapani haviingii kwa Mfaransa kwa hiari. Nilichonga, nikatoboa, nikachomelea, nikabomoa, nikaanza upya. Nilipomaliza nilitoka nalo peke yangu barabarani. Ukiigusa tu pedali, gari limesimama. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Majirani walikuja kuziona rimu. Fundi huyu, fundi yule, nikavikwa kilemba cha ukoka nami nikainamisha kichwa wanivike vizuri. Baba alilizunguka gari mikono ikiwa nyuma, akapapasa tairi moja, akasema, "Limekuwa kama la harusi, Deo." Nikampa ufunguo.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Baba, usiikanyage kama zamani, iguse tu. Twende uwanjani tukalijaribu pamoja. Ni maneno mepesi, hayachukui hata muda wa kufunga mlango.

Sikuyasema.

Siku zote hizi nimekuwa nikijiambia kwamba ilikuwa heshima. Mtoto gani anamfundisha baba yake kukanyaga breki, tena mbele za watu, na huyo baba amemsomesha kwa usukani? Yana ukweli maneno hayo, ila siyo ukweli wote. Watu walikuwa wananisifu. Kumwambia mzee awe mwangalifu kungefanya kazi yangu ionekane ina kasoro, na nilitaka jioni ile iishe na sifa zake zote.

Kesho yake, Jumapili, kwaya ilikuwa imealikwa kijiji cha Mbingu. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni karibu, na baba ana desturi ya kuliacha gari lijisogelee lenyewe mpaka lisimame, kwa hiyo breki haikuguswa. Kwaya wakapanda, mama akasimama mbele kabisa nyuma ya kibanda cha dereva, nami nikapanda nao. Nilitaka niwepo hesabu yao itakapokufa. Nakiri kwamba nilikuwa naingojea.

Njia ilikuwa tupu, na tulikuwa ndiyo kwanza tumeipita nyumba ya mwisho ya mji. Ndama wa wafugaji akakatiza barabara. Kwaya wakamwona, wakaanza kama walivyozoea.

"Moja," wakasema.

Gari likasimama palepale. Baba alikuwa ameikanyaga pedali hadi chini, kama alivyoikanyaga maisha yake yote. Hakuna aliyekuwa ameshika kitu, kwa sababu mtu hashiki kitu kwenye moja. Watu wote wakaja mbele kwa mkupuo, na mkono wa mama ukabanwa kwenye bomba. Niliusikia ukivunjika.

Baba alishuka, akavua kofia, akawaomba radhi mmoja mmoja, hata watoto wa shule wanaoimba sauti ya pili. "Nisameheni," alikuwa anasema. "Ni uzee. Mguu umenikosea adabu." Mimi nilikuwa nimempakata mama, na nilikifahamu kilichotokea kuliko mtu yeyote pale, bolti kwa bolti. Nikakaa kimya. Jioni ile baba aliniletea ufunguo wa gari, nami nikaupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa zawadi.

Hii ni wiki ya pili. Mpunga wa mama umeinama shambani na majirani ndio wanaomvunia. Baba hapiti tena njia ya sokoni. Mjini wanasema kwa huruma kwamba mzee wa watu amekwisha, na huruma yao ndiyo mbaya kuliko kicheko cha wenzangu. Juzi mwalimu wa kwaya alikuja, akatuamkia vizuri, akanywa chai, akasema kwa adabu zote kwamba safari ijayo watakodi gari lingine ili mzee apumzike. Baba akamshukuru. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nikaomba niongezewe chai.

Leo nimempeleka mama hospitali wakauangalie mkono. Tulikaa mbele watatu, mama katikati, baba mlangoni. Karibu na soko baiskeli yenye gunia la mpunga ilinikatiza, nikaigusa breki. Nikaona mguu wa baba. Ulikuwa unakanyaga sakafu ya gari, hakuna pedali yoyote pale. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Mama hakumtazama. Alinyoosha mkono wake mzima akauweka juu ya goti la baba, na baba akairudisha miguu yote miwili chini ya kiti kama mtoto aliyekemewa.

Nilishindwa kuendelea. Nikaegesha pembeni, nikaukazia macho usukani.

"Baba, siyo mguu wako," nikasema. "Breki hizi zinataka kuguswa tu. Nilijua, na sikukwambia."

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua kabla, baba."

Nilitamani anifokee. Aliutazama mkono wa mama uliofungwa plasta, kisha akautazama mguu wake, akaukunja na kuukunjua, akihakikisha kwamba bado ni wake.

Nikachomoa ufunguo nikamnyooshea. Hakuupokea.

"Mimi nimekusikia," akasema. "Waliokuwa nyuma hawajakusikia. Ukishawaambia, ndipo uniletee."

"Endesha, Deo," mama akasema. "Jua linanichoma."

Hayo tu. Tangu tulipofika nyumbani hakuna aliyeligusa tena jambo hilo. Baba ametoka uani akalizunguka gari kama siku ile, mikono nyuma, ila hakupapasa tairi. Roho inanisuta kiasi kwamba chakula cha mchana nilikitazama tu.

Kanisani, baada ya matangazo, katekista huwa anauliza kama kuna mwenye neno. Kwaya hukaa upande wa kushoto, na nafasi ya mama iko wazi. Nitasimama nikiwatazama wao, siyo sakafu. Sijui sauti yangu itatoka namna gani. Najua kwamba nikimaliza, nitaupeleka ufunguo kwenye benchi la wazee anapokaa baba, mbele ya macho ya wote, na kwamba yeye anaweza kuupokea au kuuacha.

Ufunguo uko hapa mezani, karibu na mkono ninaoandikia. Kesho ni Jumapili.