Jambazi wa Ukutani Kanazi

Dada Neema, shikamoo.

Mvua imenifungia kwenye mgahawa wa Mama Jeni, hapa Kanazi. Karanga anazifungia kwa kurasa za kitabu cha zamani cha katuni, aina ile unayokusanya wewe. Jambazi wa kitabu hicho ni mzee wa mvi aliyevaa joho la maganda ya ndizi. Polisi wakimfukuza, anawamwagia maganda wanateleza. Shujaa, yule wa kuruka angani na chupi juu ya suruali, anang'oa shamba zima la migomba ili amkamate.

Nikamweleza Mama Jeni kwamba huyo anayeruka ndiye mtu mwema. Akaweka birika chini.

"Aliyeng'oa migomba ya mzee ndiye mwema? Huku angelala mahabusu."

Nikamwomba kitabu nikuletee. Amenipa kurasa za shujaa tu, zimejaa karanga. Jambazi kambandika ukutani, na chai hanimiminii mpaka nimwamkie mzee huyo. Nimemwamkia. Mama Jeni ameitikia marahaba kwa niaba yake.

Nimekukumbuka sana, nawe wabusu watoto. Ila usinicheke: mzee wa ukutani ana mvi kukuzidi, siku ukija utamwamkia na wewe.

Mdogo wako,
Bahati