Kabula Hapigi Magoti

Jumatatu, 6 Mei 1985
Nimemaliza kuchora herufi za kibao cha duka la vitambaa. Mwenye duka analalamika S imenenepa. Nimemwambia itapungua ikikauka, akaamini. Mchana kaja Afisa Ustawi, kalamu tatu kifuani, kazi ya hata moja sijaiona. Anataka bango la filamu fupi waliyopiga Nyahanga. Inamhusu Kabula, binti wa miaka tisa mwenye otizimu. Daktari anaeleza humo kwamba si wazimu wala kurogwa. Kazaliwa hivyo: haongei, hasalimii. Ndiyo filamu nzima hiyo.

Jumatano, 8 Mei
Nyahanga. Kabula anapanga vizibo vya soda mstari mmoja. Nimekaa saa mbili, hajanitazama hata mara moja. Nimempenda kwa hilo. Ningewajua watu wengi wa namna hii ningekuwa na afya. Mama yake hana utani. Anasema kisimani wanawake wanampiga mtoto makofi kwa kutopiga magoti na kuwaamkia.

"Mchore alivyo, baba," kaniambia. "Wakimwona hivyo kwenye bango, labda watamwacha."

Nimemwahidi.

Ijumaa, 10 Mei
Kamati ya filamu. Wanaume watano na birika la chai. Nimewaonyesha mchoro: Kabula kakaa, kawapa mgongo, vizibo mbele yake. Afisa kaguna. Binti wa Kisukuma anawageuzia wakubwa mgongo? Mkoa utatuonaje? Apige magoti, mikono pamoja, atabasamu. Filamu wameiona mara mbili, wapumbavu hawa. Nikasema jambo lenyewe ndilo hilo, hasalimii. Wakasema basi ndiyo maana bango lionyeshe adabu. Wakamimina chai nyingine.

Baadaye Afisa kanivuta pembeni. Nikikubali, rangi itakayobaki ni yangu, debe zima. Mjini hakuna rangi tangu Februari.

Jumapili, 12 Mei
Nimempigisha magoti. Asubuhi moja tu, kwisha. Tabasamu limetoka zuri kuliko kazi yangu yoyote mwaka huu. Nawadharau wale watano. Mimi wa sita.

Jumamosi, 18 Mei
Onyesho, uwanjani Nyahanga. Spika ilikwaruza, daktari hakusikika neno. Watu wakabaki kulisifia bango. Mtoto ana heshima huyo, wanasema, kalelewa. Mama Kabula alilitazama muda mrefu, kisha akanitafuta mimi. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Mwoga mkubwa.

Jumatatu, 20 Mei
Mama Kabula kaja kwa basi. Kaniamkia vizuri, kakaa kwenye benchi. Jana kisimani wanawake wawili walimshika Kabula mabega, wakamkandamiza chini mpaka magoti yakachubuka kwenye changarawe. Wanasema kumbe anaweza, kwenye picha mbona kapiga. Anawafanyia kiburi tu.

Hakunitukana. Aliuliza kama bango linafutika.

Nikamwambia gari la sinema limeondoka nalo alfajiri, liko njiani kwenda Masumbwe, kisha vijiji vingine. Akasema haya. Akaomba maji ya kunywa, nikampa.