Khanga ya Njia Panda

Shikamoo mama,

Nimefika Iguguno salama, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hebu sikia kituko cha basi la huku! Tangu watu wahamie kijiji kipya cha ujamaa, barabara imebaki mbali nao. Kwa hiyo wamepatana na dereva: mwenye safari atundike khanga kwenye mti wa njia panda, naye ataingia kijijini kumchukua. Jana tuliiona khanga, tukaingia tukirushwarushwa kama mahindi kwenye ungo. Kufika, hakuna abiria! Bi harusi mmoja, mgeni pale, akajiziba mdomo: "Jamani, ile ni yangu. Nimetoka kufua kisimani nikaianika." Watu wakafoka. Mara bibi mmoja akatokea akichechemea. "Wanangu, niliona haya kulisumbua basi kwa ajili yangu peke yangu. Nifikisheni hospitali." Kelele zikaisha palepale. Tukampa kiti cha mbele, na bi harusi akambebea kikapu.

Mama, dereva huyohuyo hupita njia ya huko nyumbani Sepuka kila Jumamosi. Nimeshamsimulia habari za goti lako. Tundika ile khanga yako nyekundu, wala usione haya.

Nakukumbuka mno,
mwanao Neema