Siku Niliyosema Naogopa

Jumatano, Mwika

Siku mbili nzima simu ya mume wangu haikupatikana. Alikuwa mlimani akiwaongoza wageni, na huko juu theluji imeanguka sana. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Yuko salama tu," nikitabasamu. Kumbe kadiri nilivyojikaza ndivyo nilivyozidi kuwa mkali. Asubuhi nimemfokea Neema kwa kumwaga maziwa, mtoto akalia hadi akashikwa na kwikwi.

Mama mkwe alinikuta migombani nikikata majani ya ng'ombe. "Mama Neema, una nini?"

"Naogopa, mama." Nilishangaa kuisikia sauti yangu.

Hakuniambia ninyamaze. "Hata mimi," akasema, akaketi nami chini. Ukungu ukashuka polepole, migomba ikawa kama watu waliosimama mbali wakitungoja. Tukalia kidogo. Hofu haikuondoka, ila niliweza kupumua. Niliporudi ndani nilimpakata Neema, nikamwomba radhi.

Jioni simu yangu ikaita, ni yeye. Ameshuka salama! Simu yake ilikuwa imezimika kwa baridi.

"Mlikuwa na wasiwasi?" akauliza, akicheka.

Nimezoea kumwambia hapana. "Sana," nikasema.

Kicheko kikakatika. Akasema taratibu, "Hata mimi niliogopa, mke wangu."