Jicho la Kushoto la Mtakatifu Petka

Monasterini, siku moja baada ya Mtakatifu Georgi

Kwa Baba Dabiziv,

Shikamoo Baba. Natumai mmeamka salama wewe, kondoo na lile goti lako. Mimi sijambo, ila shingo inauma kwa kutazama dari la kanisa mchana kutwa.

Nina neno. Fundi Kalinik alinipa ukuta wa kaskazini nimchore Mtakatifu Petka peke yangu, tangu ushungi hadi viatu. Chokaa ilikuwa mbichi, na rangi haishiki ikishakauka, basi sikuwa na muda wa kuwaza, mkono ukaenda wenyewe kama wa mtu aliyesinzia. Nilipoteremka jukwaani nikatazama juu, nikamkuta marehemu Mama. Ni yeye, Baba, anatazama kana kwamba ameulizwa swali na anatafuta jibu la upole. Nililia, wala sikuona haya.

Mwaka jana uliniambia umeanza kuusahau uso wake. Basi njoo umwone kabla mtoto wa jicho hajakufunga macho kabisa.

Mwanao, Gradislav

Nyumbani, juma la kukata nyasi

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni Padri Obrad, mimi nasema tu, na yeye analalamika kwamba nasema haraka. Goti halijambo. Macho ndiyo hayo: watu nawaona kama wamesimama ndani ya mvuke wa chungu.

Tangu barua yako ifike natembea nikitabasamu, hata majirani wanauliza nimekunywa nini. Nimewaambia mke wangu amekuwa mtakatifu. Wamecheka mpaka basi, maana wanakumbuka alivyonikimbiza na mwiko mbele ya wageni wa harusi.

Nakuja, nyasi zikishaingia ghalani. Nataka nimwone mara moja tu, kisha giza likitaka lije.

Baba yako

Monasterini, siku tatu baada ya Mtakatifu Ilija

Shikamoo Baba. U hali gani? Nyasi si zimeshaingia? Kimya chako kinanitia wasiwasi.

Usikawie. Mahujaji wamejaa, na desturi unaijua: mwenye macho mabovu huyakwangua kwa kisu macho ya mtakatifu aliyechorwa, akauchanganya ule unga na maji, akajipaka machoni. Watakatifu wawili wa mlangoni wameshakuwa vipofu. Petka ndiye wanayemtaka hasa, maana kuponya macho ndiyo kazi yake. Nakaa chini yake na brashi, najifanya nina shughuli. Jana bibi mmoja alinisukuma kwa fimbo.

"Pisha, kijana. Mtakatifu ni wa wote."

"Huyu ni wangu, bibi."

Akanitazama kama anayemtazama mwehu. Lakini aliondoka.

Mwanao, Gradislav

Nyumbani, Siku ya Mtakatifu Dimitri

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kimya. Nyasi ziliingia, nikafunga mzigo wa safari. Asubuhi nikatoka nje nikaona bado hakujakucha, nikarudi kulala. Kumbe kulikuwa kumekucha zamani. Sasa dirisha nalijua kwa joto la jua usoni, basi.

Nina ombi, na nimelizungusha mdomoni tangu siku hiyo. Wanasema kuna mtu kijiji cha pili alipaka unga wa Petka akaona tena. Nikwangulie, mwanangu. Najua ni macho ya nani. Lakini nikibaki gizani, huo uso utanifaa nini?

Baba yako

Monasterini, Siku ya Mtakatifu Nikola

Shikamoo Baba. Natumai baridi haijakuzidi.

Juma lililopita nilipanda na kisu asubuhi. Theluji ilikuwa inamulika ndani kupitia madirisha, weupe mtupu, hata sikujua nimeamka au naota. Nilimwomba radhi kwa jina lake la nyumbani. Nimechukua la kushoto tu. La kulia nimeliacha likuone ukija. Unga umo ndani ya kitambaa hiki, usije ukapiga chafya.

Fundi Kalinik aliniona, akanipa mgongo akaendelea kusaga rangi. Tangu hapo mkono wangu unatetemeka na sijachora kitu. Nijulishe upesi, Baba.

Mwanao, Gradislav

Nyumbani, juma la pili la Kwaresima

Mwanangu,

Naona. Nilipaka siku tatu, ya nne nikaamka ukungu umeondoka. Naiona milima. Naziona ndevu za Padri Obrad, zimezeeka kuliko mwenyewe. Miti ya plamu imechanua uani, nyeupe yote, nyuki wanavuma, na katikati ya maua nimemwona mama yako akinipungia mkono, kijana kama siku nilipomchumbia. Umefanya vyema. Sasa usijilaumu tena, rudi ukutani ukachore.

Baba yako

Haya ni yangu mimi Obrad, na baba yako hajui. Haoni kitu, mwanangu. Theluji bado inafika magotini na hakuna mti uliochanua. Alikaa dirishani amefumba macho, akaniambia yote hayo polepole bila kukosea neno. Alisema lazima mkono wako upone. Nimeandika uongo ndani ya Kwaresima, Mungu ananijua.

Monasterini, Jumapili ya Matawi

Shikamoo Baba. Nimefurahi mno kwamba unaona. Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale penye maua.

Mkono umetulia. Jicho la Mama sijalirudisha. Siku utakayofika nitapaka chokaa mbichi, wewe usimame chini uniambie lilikuwaje, nami nitachora utakavyosema.

Nakuja kukuchukua baada ya Pasaka. Njiani nitakushika mkono, kwa sababu ya mawe tu.

Mwanao, Gradislav