Kiwiko cha Wiston

Murusagamba

Shangazi Tecla,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, basi soma. Maharage tumevuna, na mguu wa mama umepona.

Nimesikia huko Kasulo mmekaa kikao, mkaamua nilete kibuyu cha urwagwa wa ndizi nimwombe radhi mwanao Wiston, kwa kuwa nilimnyima ushindi wa kulazana mikono pale Ngara mjini, watu wote wakitazama kwenye televisheni. Mnauliza ni mwamuzi gani anampa faulo mtoto wa shangazi yake.

Ni mimi. Kiwiko kikiachia kale kamto ka mezani ni faulo, na faulo ya pili ni kushindwa. Chake kiliachia mara mbili. Nilipovaa fulana ya mwamuzi sikuulizwa ukoo wangu.

Urwagwa nitaleta Jumapili, maana nimewakumbuka, na tutakunywa wote. Radhi siombi.

Kuna jambo kamera hazikulinasa. Nilipokuwa nafungua mkanda tuliowafunga yeye na mpinzani wake mikono isiteleze, Wiston aliinama akaniambia, "Dada, umeona sawa." Kama hajawaambia, kikao kinachofuata mwiteni yeye.

Mimi mtoto wa kaka yako, na mwamuzi,
Anneth