Nimekamata Mbuzi wa Shemeji, Sasa Anataka Ning'olewe

Mpendwa Bi Yamna,

Naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, nina hasira. Mimi ni Ijja, mkulima wa huku Sous, kusini mwa Moroko, nalima shayiri katikati ya miti ya argani, ile tunayokamua mafuta ya kokwa zake, na kila mwaka naongeza milozi kwenye matuta, na mwaka huu wanakijiji wamenichagua niongoze ulinzi wa msitu wetu, mwanamke wa kwanza, na sheria unaijua, msitu ukifungwa haingii mbuzi mpaka matunda yaokotwe, anayevunja anapanda miche kumi na kuinywesha mpaka ishike. Basi wiki iliyopita nikawakuta mbuzi wa Bihi, kaka yake mume wangu, wako juu ya miti wanatafuna, nikawaswaga wote hadi uwanjani watu wakiona. Bihi akaja anafoka, "We mwanamke, umepewa kifimbo tu, ushajiona serikali!" Nikamjibu, "Panda miche, shemeji, acha kelele." Sasa anataka nimwombe radhi hadharani na niache uongozi, na mume wangu Abella, ambaye siku zote yuko upande wangu, ananiambia, "Mke wangu, kubali yaishe, kaka akinisusa sikukuu nitakula kwa nani?" Siachi! Ila kuna jambo linanichoma: siku ya tatu tangu tuufunge msitu, mbuzi wangu wawili waliingia humo humo, nikawatoa kimya kimya, sikumwambia mtu. Bihi akijua nimekwisha. Nifanyeje?

Ijja

Ijja binti yangu,

Kwanza nakupa mkono. Kukamata mbuzi wa jirani ni kazi ndogo, wa shemeji kunataka moyo. Lakini hebu niambie, wewe ulichaguliwa kulinda msitu au kulinda siri? Aibu! Bihi hana cha kukumaliza nacho isipokuwa hicho ulichoficha. Mnyang'anye kabla hajakiokota.

Usiombe radhi kwa kukamata mbuzi, hata Abella alie machozi. Ijumaa watu wakitoka kuswali, simama useme, "Mbuzi wangu wawili waliingia, nikanyamaza." Watakuzomea. Waache wazomee. Beba miche yako kumi, ipande siku hiyo hiyo mbele yao. Wakitaka kukutoa, wapige kura. Wewe mwenyewe usikimbie. Abella mwambie sikukuu atakula kwako, na kaka yake akaribishwe.

Ukishamaliza mche wa kumi, usinawe mikono kwanza. Mkabidhi Bihi jembe, umwonyeshe pa kuanzia.